Mikono ya Dada na Mstari wa Sukari

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, ukiacha paa la jikoni ambalo limerudia ugonjwa wake wa kuvuja, na jirani yetu fundi saa ambaye ameoa tena. Mara ya tatu hiyo, na kadi kanipa kwa mikono miwili kana kwamba zile mbili za kwanza sikuwepo. Nilikwenda. Nilikaa mbali na keki kama mtu aliyeonywa na polisi.

Kaburi la Mama nimelipalilia. Limekaa vizuri.

Unaniuliza habari za sukari. Sukari ipo, nami nipo, tunaishi nyumba moja kama wake wenza: hatupendani ila tunaheshimiana. Sindano nachoma, chakula nakula kwa saa yake. Kazini wamenipumzisha kidogo, kesi zimepungua.

Najua utauliza kwa nini sikupigi simu. Nyumba yetu ilizoea karatasi tangu enzi za Mama, maana kwa mtu asiyesikia simu ilikuwa kipande cha plastiki tu. Halafu kwenye simu unaongea wewe, mimi nabaki kuitikia "enhe, enhe". Hapa angalau nafika mwisho wa sentensi.

Dada yako.


Tarehe 26 Februari

Shikamoo dada,

Mimi sijambo huku ughaibuni, ila macho yamechoka. Kiwandani wamenitoa kwenye mashine ya kusaga wakanipeleka meza ya ukaguzi. Siku nzima nainua lenzi za miwani kwenye taa natafuta mikwaruzo. Tunavaa kofia na barakoa kama madaktari wa upasuaji, kisa vumbi, na simu tunafungia kabatini mpaka king'ora cha mapumziko kilie. Hebu fikiria, mimi, saa nne nzima bila kusema na mtu! Msimamizi anasema hajawahi kuona mtu anayeongea kwa nyusi.

Sasa niambie ukweli. Umeniandikia barua mbili bila kesi hata moja. Dada ninayemjua hamalizi ukurasa bila kuniambia ni wakili gani alikuja na soksi zisizofanana. Mkalimani wa lugha ya alama katika mahakama ile ni wewe peke yako. Kwani viziwi wote wameacha kushtakiwa na kushtaki?

Hutaki kusema, basi. Nimekutumia kidude, atakiletea mwenzangu wa kiwandani anayekuja likizo. Kinabandikwa mkononi, juu ya kiwiko, kinapima sukari mchana na usiku bila kukutoboa kidole. Kinatuma namba kwenye simu yako, na ukikubali, zinakuja na kwenye yangu. Mpelekee muuguzi wa kliniki, anavijua.

Tafadhali, dada. Usikiweke kabatini pamoja na mablanketi niliyotuma.

Chiriku wako.


Tarehe 19 Machi

Chiriku,

Marahaba. Mablanketi yako yanatumika, acha uchokozi.

Kidude kimefika, na muuguzi amenibandika. Nilifumba macho nikisubiri maumivu, akaniambia, "Mama, tumeshamaliza, fumbua." Kadogo kama kifungo cha koti. Ukikatazama utadhani hakana kazi.

Mdogo wangu, sijui nikuandikie vipi jambo hili. Kwa miaka minane nimejitoboa vidole, tone moja, namba moja, kama mtu anayechungulia nyumba yake mwenyewe kwenye tundu la ufunguo. Namba ikiwa mbaya najiona mkosaji, ikiwa nzuri nasubiri ya kesho inisute. Sasa nimeona nyumba nzima. Nilikaa mezani na chai yangu kavu nikautazama mstari ukijichora wenyewe, nukta kwa nukta, na hiyo ilikuwa damu yangu, ikisema. Chai ilipoa. Nilisahau hata kuuliza inasema nini.

Halafu Alhamisi nilipita mbele ya lango la mahakama nikielekea posta. Tangu asubuhi nilikuwa nimekula kile kile ninachokula siku zote. Nilipofika posta nikafungua simu, mstari umepanda kama mtu anayekimbizwa kwenye ngazi! Nikarudi kwa muuguzi, nikamwambia kidude kimeharibika. Akacheka. "Hakijaharibika. Hofu nayo ni chakula. Mwili ukitishika unamwaga sukari yake wenyewe."

Miaka minane, Chiriku. Kila ilipopanda nilijiuliza nimekula nini. Hakuna aliyewahi kuniambia nijiulize nimeogopa nini.

Sina la zaidi leo. Fundi saa na mkewe mpya wanakusalimu.

Dada.


Tarehe 7 Aprili

Shikamoo dada,

Nakuona! Kila mapumziko nakimbilia kabatini. Wenzangu wanatazama picha za watoto wao, mimi natazama damu ya dada yangu. Leo nilimwonyesha mwenzangu wa meza ya pili, nikamwambia, "Huyu hapa ni dada, anapika." Akauliza nimejuaje. Nikasema, dada akipika huonja, na akionja mstari unainua kichwa. Tukabaki tumeinamia simu wote wawili.

Lakini dada, Jumanne saa kumi na moja jioni ulikuwa na kumi na tano, mara mbili ya kawaida. Ulikula nini? Ijumaa asubuhi kumi na mbili, na nilikupigia hukupokea. Jumapili ulishuka mpaka tatu nukta tisa, na chini ya nne ni hatari, nikakutumia ujumbe mara sita, ukajibu "nimekula" bila kusema umekula nini. Na wali, dada, tulikubaliana nusu sahani. Mstari wa Jumanne haukuwa wa nusu sahani. Usinifiche. Nakuona.

Na hujaniambia ulipopita mahakamani uliogopa nini.

Chiriku.


Tarehe 2 Mei

Dada,

Leo sina salamu. Mstari wako umepotea. Siku ya tisa sasa nafungua simu nakuta patupu, pameandikwa kwamba hakuna taarifa. Nimepiga, hupokei. Nimempigia fundi saa, akasema alikuona unaanika nguo. Jana ndipo ukanijibu neno moja: "Mzima."

Mzima. Tangu lini wewe ukasema neno moja?

Jana nimepitisha lenzi tatu zenye mikwaruzo. Msimamizi amenirudisha kwenye mashine ya kusaga. Sikulaumu. Nataka tu kujua kama nimekukosea.


Tarehe 18 Mei

Mdogo wangu mpendwa,

Ni mimi niliyekuzima. Kidude kiko mkononi na kinafanya kazi, ila nilibonyeza mahali nikakufungia mlango. Nilikufanyia ukatili, nakuomba radhi. Lakini sikiliza.

Mwanzoni nilifurahi kwamba unaniona. Baadaye nikaanza kula nikiwa nakuwaza. Nikishika kijiko naiona sura yako. Ujumbe ukilia sukari inapanda kabla sijausoma, nimethibitisha, mstari huo upo. Ulinitua mzigo wa vidole, ukanirudishia wa macho. Hukuniuliza hata siku moja nimeamkaje. Uliuliza tu nimekula nini.

Sasa lile la mahakamani. Nalisema mara moja.

Januari kulikuwa na msichana msusi, kiziwi, ameshtakiwa kwa wizi. Mteja alisema msusi alimwibia mkufu. Siku hiyo kesi yetu ilicheleweshwa mpaka saa nane, nami nilikuwa nimechoma sindano na sikupata nafasi ya kula. Nilianza kutetemeka. Jasho likanitoka. Ningesema, "Mheshimiwa, naomba dakika chache." Sikusema. Niliona haya. Niliogopa wakijua nina kisukari wataniondoa kwenye orodha ya wakalimani.

Msusi akaeleza kwa mikono. Unajua lugha ya Mama: kupewa na kuchukua, tofauti ni mwendo wa kiganja tu. Alisema, "Alinipa nimshikie wakati namwosha nywele." Macho yangu yalikuwa na ukungu. Nikatamka kwa sauti, mbele ya hakimu, "Nilichukua wakati namwosha nywele."

Dhamana ikakataliwa. Mimi nilikwenda nyumbani, nikala, nikalala. Asubuhi akili ilipotulia nikaiona tena ile mikono yake, nikajua. Siku hiyo hiyo nilimwandikia hakimu kwamba nilikosea. Sikuandika kwa nini. Mpaka barua ipite ofisi zote, msichana alikaa rumande siku kumi na moja.

Hakuna aliyenifukuza. Nilijiondoa mwenyewe.

Na kuna jambo linanitafuna zaidi. Mwaka wake wa mwisho, Mama alama zake zilikuwa zinapotoka. Anasema sahani akimaanisha dirisha, nasi tunacheka, naye anacheka. Ulikuwepo likizo ile. Ilikuwa sukari yake, Chiriku. Ilikuwa inashuka, na sisi tukacheka.

Nimelia nilipoandika hayo. Nimekunywa maji, naendelea, maana zipo na habari njema.

Ndani ya simu, kwenye programu ile ile ya kidude, muuguzi alinionyesha njia ya kuingia kundi la watu wenye kisukari. Nikajiunga nikanyamaza. Wanatuma sauti zao. Mmoja anasema, "Leo nimechoka kuhesabu, sitaki ushauri, nataka tu mtu ajue." Wanamjibu, "Tumejua." Basi, hakuna mahubiri. Siku ya tano akatokea mtu kwa video, fundi wa kuchomelea, miwani yake ya kazi ameipandisha kwenye paji la uso, akaongea kwa mikono. Kiziwi! Kundi zima halikumwelewa, watu wakatuma alama za kuuliza. Nikajikuta nimewasha kamera. Nikamjibu kwa mikono, kisha nikawatafsiria wengine kwa sauti. Alikuwa amesema, "Nimeishi na ugonjwa huu miaka kumi na sijawahi kumsimulia mtu, kwa sababu daktari anaongea na mke wangu."

Watu mia mbili walimsikia siku hiyo.

Usiku wa kesho yake nikajirekodi nami, kwa mikono tu. Nikasimulia habari ya msusi. Chiriku, mdomo wangu umezoea kusema "sijambo". Mikono haijui kujificha hivyo. Fundi akanijibu: "Mikono yako ilitetemeka kwa njaa. Haikusema uongo." Nikautazama mstari. Ulikuwa umetulia kama maji ndani ya ndoo, saa nzima. Sijawahi kuuona hivyo.

Nitakufungulia mlango. Sharti ni moja: uone, usiulize namba. Uliza mimi.

Dada yako.


Tarehe 9 Juni

Shikamoo dada,

Umeamkaje?

Nimeisoma barua yako chooni kiwandani, maana ndipo pekee penye mlango. Msimamizi aligonga, nikamwambia nina mafua.

Sharti nimelikubali. Nami nina langu la kusema, kisha usinijibu leo, nijibu ukitaka. Sikuja kumzika Mama. Nilikuambia nilinyimwa ruhusa kazini. Ruhusa nilipewa, siku kumi, na begi nilifunga. Nilikaa kitandani na begi mapajani mpaka ndege ikaondoka. Niliogopa kumwona amelala na mikono imetulia. Mikono ya Mama haikuwahi kutulia.

Kwa hiyo nilipoanza kukuona kwenye simu nikasema, huyu simwachi hata dakika moja. Nilikuwa nakulinda kwa deni la mtu mwingine.

Rudi mahakamani, dada. Fundi yule kasema kweli.

Chiriku.


Tarehe 1 Julai

Chiriku,

Marahaba. Nimeamka salama, goti tu linalalamika.

La begi nililijua. Mwenye nyumba wako alinipigia wiki ile kunipa pole, akasema umejifungia. Sikukwambia kwa sababu hukuniuliza. Tumefanana, mimi na wewe.

Msusi amenitumia video. Fundi wa kuchomelea anamfahamu, viziwi wa mji mmoja ni kama wa ukoo mmoja, habari ikafika. Kesi yake inasikilizwa tarehe ishirini, na ana haki ya kuchagua mkalimani. Amesema: "Njoo wewe. Mikono yako naijua, na kosa lako nalijua. Mgeni nitamjulia wapi?"

Nimekwenda kumwona hakimu ofisini. Nimemwambia yote, pamoja na kisukari. Akasema, "Kumbe ndiyo hiyo. Ungesema." Neno jepesi hivyo!

Nimekufungulia mlango.

Dada.


Tarehe 22 Julai

Shikamoo dada. Umeamkaje, mama wee, umeamkaje!

Naandika la juzi kabla halijapoa. King'ora cha mapumziko kilipolia nikakimbia kabatini. Kwenu ilikuwa saa nne na dakika kumi asubuhi. Ulikuwa na nane, mstari umepanda kidogo. Nikasema, amesimama mbele ya watu. Halafu ukaanza kushuka. Saba. Sita. Tano nukta mbili, na kile kimshale kimeelekea chini. Kidole changu kilikuwa juu ya jina lako. Mwenzangu wa meza ya pili akanishika kiganja, akasema, "Uliahidi." Nne nukta moja. Tatu nukta nane.

Na king'ora kikalia.

Dada, nilifunga simu kabatini. Nilivaa barakoa nikaingia. Nimesaga lenzi kwa saa mbili bila kujua kama una fahamu au umeanguka. Sikuomba ruhusa. Nilijiambia, yule ana mdomo na ana mikono, atasema.

Nilipofungua simu mchana niliuona. Umeshuka mpaka tatu nukta tano, ukakaa kidogo, kisha umegeuka. Umepanda taratibu, nne, tano, sita, ukatulia hapo. Nilikaa sakafuni mbele ya makabati. Wenzangu walidhani kuna msiba. Nikawaambia, dada yangu amesema. Yuko nchi nyingine, sijasikia hata sauti, lakini nimeona mahali aliposema.

Nieleze yote. Siulizi namba.

Chiriku wako.


Tarehe 10 Agosti

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeamka na furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Chumba kilikuwa kimejaa. Wakili wa upande wa pili alivaa soksi zinazofanana, nakuhakikishia. Nilitafsiri dakika arobaini, safi kabisa. Nilikuwa nimekula asubuhi, lakini nilisimama muda mrefu, na mwili una mambo yake. Kidude kikatikisa simu mfukoni. Kiganja changu cha kushoto kikaanza yale ya Januari.

Nikashusha mikono. Chumba chote kikanitazama. Nikasema kwa sauti, na kwa mikono pia ili msusi asiachwe nyuma: "Mheshimiwa, nina kisukari. Sukari yangu inashuka, siwezi kutafsiri kwa usahihi. Naomba dakika kumi na tano."

Wakili akasimama. "Mheshimiwa, kesi hii imeshachelewa vya kutosha—"

Msusi aliona mdomo wa wakili unavyokwenda, akanyanyua mikono. Nilipaswa kumtafsiria mwenyewe, nikitetemeka: "Mimi nilisubiri siku kumi na moja. Nitashindwa dakika kumi na tano?"

Hakimu akavua miwani. "Mahakama inaahirishwa kwa dakika kumi na tano," akasema. "Mkalimani akae. Mleteeni kitu cha sukari."

Karani alileta soda. Nilikunywa mbele ya watu wote, Chiriku, mimi ninayechoma sindano nimegeukia ukuta nyumbani kwangu peke yangu. Tulipoanza tena msusi alieleza upya habari ya mkufu, taratibu, kiganja kikimjia kifuani. Nikatamka, "Alinipa nimshikie." Mteja alipoulizwa mara ya pili alikiri hakumbuki kama alimpa au la. Kabla ya saa nane msichana alikuwa ameachiwa.

Tulikaa wawili kwenye benchi la nje. Akaona kifungo mkononi mwangu, akauliza ni nini. Nikamwonyesha simu. Akauweka mstari wa siku ile karibu na macho. Akagusa mahali uliposhuka: "Hapa?" Nikamwambia, hapo wakili alisimama. Akagusa ulipogeuka: "Na hapa?" Nikamwambia, hapo ulinitetea. Akaniuliza jambo hili linaitwaje katika lugha yetu. Nikatafuta. Sukari ina alama yake, damu ina yake, simu ina yake, lakini hili, la mwili kusema na mtu wa mbali akaona, halikuwa na alama. Mama hakuwa nayo. Hakuna aliyewahi kuihitaji.

Basi msusi akaitunga pale pale. Akagusa juu ya kiwiko kwa vidole viwili, akavileta kifuani, akavitoa nje taratibu vikipanda na kushuka, mpaka mkono ukanyooka wote. Nikairudia. Akanisahihisha kiganja. Jioni tuliituma kwenye kundi, na fundi wa kuchomelea akaijibu akiwa kazini, na glavu zake nene mikononi. Wiki hii nimeona watu wanne nisiowajua wakiitumia.

Ningependa kukuchorea, lakini karatasi haiwezi, alama hii lazima iende. Omba zile siku kumi, Chiriku. Uje nikufundishe.

Dada yako.